Miguu ya Mpiga Gitaa

Mwenye kuhudhuria onyesho la taarabu ya asili, akapata kuketi karibu na jukwaa, huona jambo ambalo aliyeko nyuma hulisikia tu asilione. Mpiga kanuni, katikati ya wimbo, huuondoa mkono wa kushoto katika nyuzi kwa muda wa kupepesa jicho, akainua au akalaza vijiti vidogo vya chuma vilivyopangwa ubavuni mwa chombo, kisha mkono ukarejea kazini. Maqamu imebadilika. Muimbaji hakusubiri, wapiga fidla hawakugeuka, na msikilizaji wa safu ya nyuma hajui kwamba kuna kilichoguswa. Nyuzi za kanuni ni zaidi ya sabini, na mpigaji hana nafasi ya kuzikaza upya moja moja wimbo ukiwa unakwenda. Vijiti vile ndivyo vilivyomwokoa.

Mpiga gitaa la umeme hakujaliwa hivyo. Mkono wake mmoja umebana nyuzi shingoni mwa chombo, wa pili unazichapa, na ukiondoka mmoja wao wimbo hukatika. Akitaka sauti ibadilike katikati ya ubeti, ilainike au ikwaruze, ilie karibu au ilie kwa mwangwi kama ya mtu aitaye pangoni, kilichobaki ni miguu. Historia ya gitaa hilo kwa zaidi ya nusu karne ni, kwa sehemu kubwa, historia ya miguu hiyo: namna ilivyopewa kazi, namna ilivyozidiwa na kazi, na namna ilivyotafutiwa msaidizi mwenye kumbukumbu.

Kwa hakika miguu ilikuwa imekwisha kuajiriwa katika muziki zamani. Vinanda vikubwa vya makanisa ya Ulaya vilikuwa na safu nzima ya kukanyagwa, na fundi Mfaransa Sébastien Érard alisajili mwaka 1810 kinubi chenye pedali saba zilizopandisha na kushusha sauti za nyuzi ilhali mikono ikiendelea kupiga. Lakini pedali ya kinubi ni kiungo cha chombo chenyewe, imeungwa nacho na haitoki. Pedali ya gitaa ilizaliwa ikiwa kitu cha pembeni, kisanduku kilichonunuliwa dukani na kutupwa sakafuni kati ya gitaa na amplifaya, na asili hiyo ya utengano ndiyo iliyoleta matatizo yote yanayosimuliwa hapa.

Kisanduku cha mwanzo kujulikana sana kilitoka Marekani katika miaka ya 1940, kazi ya kampuni ya DeArmond. Ndani yake mlikuwa na mota ndogo iliyotikisa kichupa chenye maji yapitishayo umeme. Maji yakicheza huku na huku, sauti nayo ilipanda na kushuka kama taa ya kibatari mbele ya upepo. Bo Diddley ni miongoni mwa waliokitumia. Baada yake ukaja mwangwi wa utepe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 fundi Ray Butts, wa mji mdogo wa Cairo katika jimbo la Illinois, alitengeneza amplifaya iliyobeba utepe wa sumaku ndani yake. Sauti ilirekodiwa kwenye utepe na kusomwa mara ileile, ikarudi nyuma ya sauti ya asili kwa sehemu ya sekunde. Chet Atkins aliinunua, na Scotty Moore, mpiga gitaa wa Elvis Presley, akaifuata.

Hata hivyo, kisa kinachostahili kukaliwa zaidi ni cha Nashville, na kisa chenyewe ni cha kuharibika kwa chombo. Mwaka 1960 muimbaji Marty Robbins alikuwa studioni akirekodi wimbo uitwao "Don't Worry". Grady Martin alikuwa akipiga gitaa la besi la nyuzi sita, na njia mojawapo ya meza ya kuchanganyia sauti ikaharibika. Badala ya sauti safi ikatoka sauti ya mkwaruzo, nene, yenye kuvuma kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Mafundi wangeweza kusimamisha kazi na kupiga upya, na pengine siku nyingine wangefanya hivyo. Mara hii waliiacha. Wimbo ulitoka mwaka 1961 ukapanda hadi kileleni mwa orodha ya nyimbo za kantri, na wanamuziki wengine wakaanza kuulizia studio ile wapewe kasoro ileile. Ajabu ya mambo ni kuwa njia iliyoharibika ilizidi kuharibika hata ikafa kabisa. Ndipo mhandisi Glenn Snoddy, akishirikiana na mwenzake Revis Hobbs, alipokaa chini kuijenga kasoro hiyo kwa makusudi, kwa kutumia transista, ndani ya kisanduku chenye kitufe cha kukanyaga. Gibson walikinunua kifaa hicho na kukitoa mwaka 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone.

Matangazo yake yalidai kuwa gitaa sasa lingeweza kulia kama tarumbeta, saksofoni au selo. Wapigaji hawakushawishika, na visanduku vikakaa rafuni. Vilikaa hadi mwaka 1965, pale Keith Richards alipokitumia kimoja katika wimbo wa "Satisfaction" wa Rolling Stones, naye mwenyewe amesimulia kwamba nia yake ilikuwa kuonyesha tu mahali ambapo tarumbeta zingeingizwa baadaye. Tarumbeta hazikuingizwa. Rekodi ilitoka na mkwaruzo wake, na rafu zikawa tupu.

Baada ya hapo milango ilifunguka yote kwa pamoja. Mwaka 1966 mjini London, duka la Arbiter lilitoa Fuzz Face, kisahani cha mviringo ambacho umbo lake lilitokana na kitako cha stendi ya maikrofoni. Mwaka huohuo, California, mhandisi kijana Brad Plunkett wa kampuni ya Thomas Organ aligundua, alipokuwa akirahisisha swichi ya amplifaya za Vox, kwamba sauti ikisogezwa kwa mfululizo kutoka nzito hadi kali hutoa tamko kama la mtoto anayelia. Wakaichukua sakiti hiyo na kuitia ndani ya pedali ya kinanda cha Vox, na wawa ikazaliwa. Mwaka 1968 Mjapani Fumio Mieda alibuni Uni-Vibe, ambayo ndani yake taa ndogo huwaka na kufifia mbele ya seli ziionazo nuru, na sauti huzunguka kana kwamba spika imefungwa kwenye feni.

Jimi Hendrix alivichukua vyote hivi na kuviunga kimoja baada ya kingine. Asubuhi ya tarehe 18 Agosti 1969, pale Woodstock, mbele ya miguu yake zilikuwapo wawa, Fuzz Face na Uni-Vibe, zikiwa zimelazwa sakafuni bila ubao wala sanduku, waya zikijizungusha baina yake. Anayeitazama filamu ya siku ile kwa ajili ya mikono ya Hendrix hana lawama, ila miguu nayo ina habari yake: hutafuta, husita, hukanyaga, hurudi. Betri zilikufa bila kuaga. Waya zilichomoka. Na kadiri visanduku vilivyoongezeka, sauti yenyewe ya gitaa ilianza kufifia hata pale ambapo hakuna kilichowashwa.

Sababu ya kufifia huko yafaa ielezwe, kwani bila kuielewa mtu hawezi kujua kwa nini ubao wa pedali ulihitaji mafundi na si maseremala tu. Chini ya nyuzi za gitaa kuna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mizunguko. Wimbi la umeme litokalo hapo ni dhaifu, na waya unaolibeba hadi kwenye amplifaya una tabia ya kulimeza. Kila mita ya waya wa kawaida huongeza takriban pikofaradi 100, na mzigo huo huangukia kwanza sauti nyembamba, zile zenye mng'ao. Ni kama bomba lenye vitundu vidogo: maji mazito ya matope hufika mwisho, na yale maangavu huvujia njiani. Mita tano hazina neno. Lakini mwenye visanduku kumi, kila kimoja na waya wake wa kuingilia na wa kutokea, amejiongezea mita nyingi zisizoonekana, na visanduku vya zamani havikujitoa kabisa katika njia hata vilipozimwa. Kila kimoja kilibaki kikinyonya kidogo.

Tiba ilikuwa mbili, na wafuasi wa kila moja wamebishana hadi leo kwa ukali ambao wageni huushangaa. Ya kwanza ni bafa, sakiti ndogo isiyobadilisha sauti bali huipokea kwa upole na kuisukuma mbele kwa nguvu, waya mrefu usiweze kuila. Ya pili ni kuhakikisha kuwa kifaa kilichozimwa kimekatwa kabisa na njia, sauti ipite juu ya waya mtupu. Wenye shauri la pili husema bafa nyingi huifanya sauti iwe kavu. Wenye shauri la kwanza hujibu kwamba waya mtupu wa mita ishirini ni bomba lilelile lenye vitundu. Ukweli uko kwenye hesabu ya kila ubao, na hesabu hiyo ina mtego: Fuzz Face haipendi bafa mbele yake. Sakiti yake hutaka kuligusa gitaa moja kwa moja, na ikiwekewa bafa hugeuka kali na kupiga kelele. Kwa hiyo hutangulia mbele ya wote, na bafa hufuata nyuma yake.

Aliyelichukua jambo hili kama kazi ya maisha alikuwa Mwingereza Pete Cornish. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alianza London kufanya jambo lililoonekana kama ufisadi: alinunua pedali za watengenezaji mbalimbali, akazitoa ndani ya visanduku vyake, akazipanga sakiti zake ndani ya sanduku moja kubwa lenye umeme wake na bafa mahali panapostahili, na juu akabakiza vitufe na vishikizo. Mbao zake zilikuwa nzito, na bei yake haikuwa ya mwanafunzi. Miongoni mwa waliomwendea alikuwamo David Gilmour wa Pink Floyd.

Alikuwamo pia Brian May, na hapo historia hii inaigusa Unguja kwa kidole. Bendi ya May, Queen, ilikuwa na muimbaji aliyezaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, ambaye dunia ilimjua baadaye kama Freddie Mercury. Nyuma ya sauti ile lilikuwapo gitaa la Brian May lililojengwa kwa mkono nyumbani, likipita katika kifaa kidogo cha kukuza sauti nyembamba, na Cornish ni mmoja wa waliomtengenezea kifaa hicho. May hakuwa mtu wa visanduku vingi. Katika "Brighton Rock", wimbo wa mwaka 1974, aliitumia mashine ya mwangwi wa utepe aliyoirekebisha ili ichelewe zaidi ya kawaida, akapiga kishairi, akasubiri sauti yake irudi, akaipigia juu yake sauti nyingine, na ikarudi tena zote mbili. Wenye kujua majibizano ya ushairi wataona mara moja kilichokuwa kikifanyika, ila hapa mjibuji na mwulizaji ni mtu mmoja.

Japani kwa upande wake ilichukua njia ya bei nafuu. Kampuni ya Boss, tawi la Roland, ilitoa kisanduku kikubwa cha korasi, CE-1, mwaka 1976, na mwaka uliofuata ikatoa zile pedali ndogo ngumu za rangi rangi ambazo umbo lake halijabadilika mpaka leo. Ibanez nao wakatoa Tube Screamer ya kijani mwaka 1979. Hapo pedali ikawa kitu cha kila kijana mwenye kazi ya mshahara mdogo, na tatizo la miguu likawa la umma.

Tatizo lenyewe ni hili. Tuseme ubeti unapigwa kwa sauti safi yenye korasi na mwangwi mfupi, na kibwagizo kinataka mkwaruzo, mwangwi mrefu, bila korasi. Baina ya neno la mwisho la ubeti na la kwanza la kibwagizo pana nusu ya pigo. Katika nusu hiyo mpigaji azime korasi, azime mwangwi wa kwanza, awashe mkwaruzo, awashe mwangwi wa pili: vitufe vinne kwa miguu miwili, na mguu mmoja sharti umsimamishe. Matokeo yake ni mtu anayerukaruka kama aliyekanyaga siafu, macho chini, wakati ambapo muimbaji anamtazama akitaka ishara. Wengi walikata shauri la kupunguza. Walizima kimoja badala ya vinne na kuacha wimbo uwe maskini kidogo kuliko walivyoutaka.

Bob Bradshaw, fundi wa Los Angeles, alilitazama jambo hili kwa upande mwingine, na kuelekea mwaka 1980 akaanza kujenga alichokiona. Fikra yake ilikuwa kwamba kitufe cha kukanyaga na sakiti ya kubadilisha sauti si lazima viwe mahali pamoja. Pedali zote ziwekwe nyuma, ndani ya kabati, zikiwa zimewashwa daima. Kila moja ipewe kitanzi chake: njia ya kutoka na njia ya kurudi. Swichi za umeme, zile ziitwazo rilei, ziamue kama sauti ipite katika kitanzi hicho au ikiruke. Na mbele ya miguu ya mpigaji uwekwe ubao mwepesi usiopitisha sauti hata kidogo, bali amri tu. Kwa kuwa rilei hutii amri, amri nyingi zaweza kufungwa pamoja katika kitufe kimoja na kuwekwa katika kumbukumbu. Mpigaji hakanyagi tena "korasi" wala "mkwaruzo". Hukanyaga "kibwagizo".

Kimya kimya fikra hiyo iligeuza mambo mengi. Kitanzi kilichorukwa kimetoka kabisa katika njia, kwa hiyo visanduku kumi na viwili havikunyonya kitu pale vilipokuwa vimepumzika. Steve Lukather wa Toto, Michael Landau na Eddie Van Halen wakawa wateja wa Bradshaw, na makabati ya vifaa yakaanza kupanda kimo cha mtu. Boss nao walijaribu katika miaka hiyohiyo, wakatoa chombo kilichobeba pedali zao ndogo na kuziita kwa kumbukumbu, ila soko halikuwa tayari kukilipia.

Kisha, Januari 1983, kwenye maonyesho ya biashara ya vyombo vya muziki huko California, vinanda viwili vya kampuni mbili zinazoshindana, Roland na Sequential Circuits, viliungwa kwa waya mmoja, na kilipobonyezwa kimoja kililia cha pili. Hiyo ndiyo MIDI, lugha iliyokubaliwa kwa juhudi za Ikutaro Kakehashi na Dave Smith. Lugha hiyo haibebi sauti. Hubeba amri, katika njia 16, na mojawapo ya amri hizo ni ya kuita mpangilio kwa namba, kuanzia wa kwanza hadi wa 128. Iliundwa kwa ajili ya vinanda, lakini mafundi wa gitaa waliona upesi kuwa ndiyo lugha waliyokuwa wakiitafuta. Ubao wa miguuni uliweza sasa kuviamuru vitanzi, mashine ya mwangwi na amplifaya kwa pamoja, hata kama vimetengenezwa katika mabara matatu.

Miaka ya 1980 ikala ikashiba. Makabati yakazidi ukubwa, sauti ikang'arishwa hata ikapoteza damu, na mwaka 1991 Kurt Cobain akatokea na rekodi ya Nevermind akiwa na pedali mbili tatu za bei ya chini miguuni. Kizazi kizima kikayauza makabati. Yaliuzwa kwa hasara, na baadhi ya waliouza wamekuwa wakiyatafuta tena tangu hapo.

Kilichorudi sakafuni, hata hivyo, hakikusahau alichokifundisha Bradshaw. Vitanzi na kumbukumbu vilipunguzwa ukubwa hadi vikaenea ndani ya kitu cha urefu wa mkono. Octa-Switch ya Carl Martin ilikuwa na vitanzi vinane, na mpangilio wa kila kitufe uliwekwa kwa swichi ndogo ndogo zilizosukumwa kwa ncha ya kalamu. Hapakuwa na kioo wala namba za kukariri. Mwaka 2015 Boss, waliokuwa wameshindwa zamani, walirudi na ES-8, yenye vitanzi vinane na nafasi 800 za kuhifadhi, ambayo iliweza kubadilisha hata mfuatano wa pedali: mkwaruzo uliokuwa mbele ya mwangwi katika wimbo mmoja ukawa nyuma yake katika wimbo ufuatao, bila waya kuguswa.

Kuuweka ubao wa namna hiyo ni kazi ya jioni kadhaa, na mwenye haraka huijutia jukwaani. Kwanza ni umeme. Pedali nyingi hutumia volti 9, urithi wa betri ya redio ndogo za transista, lakini kiasi zinachokula hakilingani: ya analogi huridhika na miliampia chache, ya dijitali hutaka mia na zaidi. Zikilishwa zote kutoka waya mmoja, kelele ya ile ya dijitali huingia katika mkwaruzo nao huikuza bila huruma. Ndiyo maana mafundi husisitiza kila pedali ipewe njia yake ya umeme iliyotengwa. Kisha ni upangaji juu ya ubao, ambapo vifaa hushikwa kwa velkro. Utepe huo ni uvumbuzi wa Mswisi George de Mestral, aliyeupata kwa kuyachunguza magugu, mfano wa kishonanguo, yaliyong'ang'ania manyoya ya mbwa wake; hakujua kuwa siku moja ungekuwa ukizuia mwangwi usianguke kwenye gari la bendi.

Baada ya hapo ni mfuatano wa vitanzi, na hapa kanuni ni ya mantiki zaidi kuliko ya sheria. Kinachoutengeneza umbo mkwaruzo hutangulia. Kinachozungusha sauti hufuata. Mwangwi na mvumo huja mwisho, kwa sababu mwangwi ukipitishwa ndani ya mkwaruzo hugeuka uji. Wawa aghalabu huwa mbele, ingawa wapo wanaoiweka nyuma ya mkwaruzo kwa makusudi na sauti yao haisahauliki. Ndipo mpigaji huandika mipangilio yake, mmoja kwa kila sehemu ya wimbo, na hapo hukutana na mambo matatu ambayo hakuna kitabu cha maelekezo kinachoyatilia uzito unaostahili. Ukali wa sauti: mpangilio uliosikika sawa chumbani, kwenye jukwaa humezwa na ngoma. Mkia wa mwangwi: kitanzi kikikatwa ghafla, mwangwi nao hukatwa shingo, hivyo swichi bora huacha njia ya kurudi ikiwa wazi hadi mwangwi ufe wenyewe. Na mwendo: wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una pigo moja kwa kila milisekunde 500, na mwangwi usioitii hesabu hiyo hugombana na mpiga ngoma. MIDI huipeleka hesabu hiyo katika kila mpangilio, na mpigaji hana haja ya kuikokotoa.

Kinacholalamikiwa ni kwamba sasa hana haja ya mambo mengi mno. Katika ubao wa kale, aliyekosea alikosea kisanduku kimoja, na masikio yake yalimwambia upesi ni kipi. Aliyekosea mbele ya swichi yenye kumbukumbu hujikuta ameingia katika wimbo mwingine kabisa, na kurudi kwake ni kwa kubahatisha. Zaidi ya hayo, mipangilio huandikwa kabla ya watu kuja. Hadhira ya usiku ule, joto la ukumbi, muimbaji aliyeamua kuurudia ubeti kwa sauti ya chini: hayo hayamo kwenye kumbukumbu. Njia iliyoharibika Nashville isingeweza kuhifadhiwa katika nafasi yoyote kati ya zile 800, kwa kuwa hakuna aliyeijua kabla haijatokea. Kwa upande wa pili, mwenye swichi huinua macho. Humtazama muimbaji. Wapigaji waliotumia njia zote mbili hulitaja hilo kwanza, hata kabla ya sauti.

Katika dansi la Afrika Mashariki hesabu ilifanywa kwa njia nyingine. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978 nayo ilikuwa chini ya shirika. Vyombo vilikuwa vya mwajiri, na mwanamuziki aliyehama, kama walivyohama mara kwa mara, aliondoka na mikono yake tu. Mtu hawezi kujenga ubao wa maisha juu ya sakafu isiyo yake. Basi kilichotafutwa kwingine kwa visanduku, huku kilipatikana kwa watu: gitaa la solo, la solo la pili, la ridhimu na la besi, kila moja likiwa na sauti yake na mwenyewe wa kuiamua. Badala ya mtu mmoja mwenye sauti nne, zilikuwapo sauti nne zenye watu wanne, nao walilipwa, wakagombana, wakapatana na kusikilizana.

Kumbukumbu ya mashine iliingia pwani kwa mlango wa kinanda. Taarabu ya kisasa ya miaka ya 1990 iliketi juu ya kinanda cha umeme, na kitufe kimoja kilileta fidla zote ambazo zamani zilijaza safu nzima ya jukwaa. Amri inayofanya kazi ndani ya kitufe kile ni ileile inayofanya kazi ndani ya swichi ya mpiga gitaa: namba kati ya 1 na 128. Mwaka 1991 watengenezaji walikubaliana hata namba ipi iite chombo gani, ili wimbo uliotungwa kwenye kinanda kimoja usikike sawasawa kwenye kingine. Fidla ikapewa namba 41. Sitari ilipata nafasi, koto ya Kijapani ilipata, zumari la mfuko la Waskoti lilipata, hata kalimba ya Afrika iliandikiwa namba 109. Udi haukuandikwa, wala kanuni. Mpigaji wake bado huuondoa mkono wa kushoto katika nyuzi, akalaza kijiti, akarudi.